Bwawani, spika mbili au spika moja: njia tatu za kujua kila chura jike anachaguaje dume

Chukua vyura majike 20. Kila mmoja msikilizishe milio miwili ya madume, mmoja mzito na mwingine mwembamba, kisha tazama anaruka kuelekea wapi. Tuseme 16 wameufuata mlio mzito na wanne wameufuata mwembamba. Wengi hapo huandika kwamba majike wa aina hii hupenda mlio mzito, wakafunga daftari. Lakini wale wanne ni akina nani? Huenda wana upendeleo wao tofauti, na hata ukiwauliza kesho wataenda kulekule. Huenda pia majike wote 20 wana tabia ileile, kwamba kila mmoja hufuata mlio mzito mara nne kati ya tano, nawe umewakuta hao wanne katika ile mara ya tano. Jaribio la namna hii haliwezi kukuambia lipi kati ya hayo mawili ni kweli.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mwanafunzi wa biolojia, mwalimu au mtafiti anayeanza, ambaye anataka kujua jinsi majike wanavyotofautiana wao kwa wao na amekwama kuchagua njia. Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kukaa bwawani usiku na kuandika nani amepatana na nani. Ya pili ni kumweka jike katikati ya spika mbili na kuona anaifuata ipi. Ya tatu ni kumpa spika moja tu na kupima muda anaotumia kuifikia. Zote tatu hutumiwa na watafiti, na zote zimetufundisha mambo ya maana. Tatizo hutokea mtu anapochukua njia moja kujibu swali la njia nyingine.

Nitazipima kwa mambo matano: swali ambalo njia inaweza kulijibu, uwezo wa kumpima jike yuleyule zaidi ya mara moja, vifaa na muda, mambo yanayoweza kukudanganya, na usalama wa vyura wenyewe. Kabla ya hapo inafaa kujua tofauti unayoitafuta hutoka wapi, kwa sababu njia ifaayo hutegemea chanzo hicho.

Tofauti hutoka wapi

Chanzo cha kwanza ni mwili wa jike. Huko Australia kuna chura mdogo aitwaye Uperoleia laevigata. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba jike wa aina hii huchagua dume mwenye uzito wa karibu asilimia 70 ya uzito wake mwenyewe. Jike humbeba dume mgongoni, hivyo dume mzito kupita kiasi humlemea majini, na aliye mdogo mno hawezi kurutubisha mayai yote. Tazama maana yake: jike mwenye gramu tatu na jike mwenye gramu mbili wanafuata kanuni moja, ila wanaishia kwa madume tofauti. Usipowapima uzito utaandika kwamba wana ladha tofauti.

Chanzo cha pili ni hali ya jike na mazingira yake kwa pamoja, na hapa ndipo mfano ninaoupenda kuliko yote. Katika maeneo makavu ya kusini-magharibi mwa Marekani, aina mbili za vyura wachimbaji, Spea bombifrons na Spea multiplicata, huzaliana kwenye madimbwi ya mvua yanayokauka haraka. Karin Pfennig alionyesha mwaka 2007 kwamba majike wa bombifrons huwa tayari zaidi kumfuata dume wa aina ile nyingine maji yanapokuwa ya kina kifupi, na mwelekeo huo huwa mkubwa zaidi kwa majike wenye afya dhaifu. Viluwiluwi wao chotara hukua haraka zaidi, hivyo wana nafasi nzuri ya kutoka kabla dimbwi halijakauka. Jike yuleyule akiwekwa kwenye maji ya kina kirefu angeelekea kwa dume wa aina yake.

Chanzo cha tatu ni saa. Chura wa túngara wa Panama, Engystomops pustulosus, aliyechunguzwa kwa miongo kadhaa na Michael Ryan na wenzake, hubadilika ndani ya usiku mmoja. Kazi ya mwaka 2005 ililinganisha majike kabla ya kukumbatiwa na dume, wakiwa wamekumbatiwa, na baada ya kutaga. Wale waliokwisha kukumbatiwa, ambao mayai yao yako karibu kutoka, waliitikia hata mlio ambao kwa kawaida haumvutii jike. Baada ya kutaga, hamu ya kufuata mlio wowote ilishuka.

Chanzo cha nne ni malezi. Kwa chura mdogo mwenye sumu wa Amerika ya Kati, Oophaga pumilio, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba majike hupendelea madume wenye rangi ya mama aliyewalea, hata kama mama huyo ni wa kambo.

Kwa hiyo unaposema "majike hutofautiana", unaweza kuwa unasema juu ya jike na jike mwenzake, au jike na yeye mwenyewe saa mbili baadaye, au jike na kina cha maji. Shika tofauti hiyo unaposoma yanayofuata.

Swali linalojibiwa

Kukaa bwawani hukuonyesha matokeo: dume yupi alipata jike, wapi na saa ngapi. Hayo si sawa na upendeleo, kwa kuwa kati ya upendeleo na jozi kuna umbali, madume washindani, giza na wanyama wala vyura. Utafiti mmoja wa Costa Rica, uliochapishwa mwaka 2013 juu ya Oophaga pumilio, ulikuta kwamba kilichoeleza vizuri jike amempata nani ni umbali tu: alimchukua dume wa karibu. Matokeo kama hayo yana thamani kubwa, na huwezi kuyapata maabara. Lakini bwawa halikuambii jike huyo angefanya nini kama madume wawili wangekuwa sawa kwa umbali.

Zipo aina ambazo bwawa hukuficha mengi zaidi. Vyura wanaozaliana kwa siku chache tu kwa mwaka hurundikana, na madume hukamata chochote kinachopita. Jozi utakayoiona hapo huenda jike hakuichagua hata kidogo. Kwetu pwani, chura wa povu, Chiromantis xerampelina, hutengeneza kiota cha povu juu ya tawi huku madume kadhaa wakimzunguka jike mmoja, na mayai ya kiota kimoja hupata baba zaidi ya mmoja. Kuandika "jozi" kwa chura huyu ni kulazimisha.

Spika mbili hujibu swali la ulinganisho: kati ya mlio huu na ule, jike anaelekea wapi kila kitu kingine kikiwa sawa? Ndiyo njia iliyotufundisha kwamba jike wa túngara hupenda mlio wenye sehemu mbili, ule wa kushuka taratibu ukifuatwa na mkwaruzo mfupi mwishoni, kuliko ule wa kushuka peke yake. Ni njia safi. Hata hivyo jibu lake ni la milio ile miwili tu. Lea na Ryan walionyesha mwaka 2015 kwamba kuongeza mlio wa tatu usiovutia kunaweza kubadilisha jike anavyochagua kati ya ile miwili ya kwanza. Bwawani madume si wawili, na hilo linapaswa kukaa akilini mwa kila anayetumia njia hii.

Spika moja hujibu swali jingine kabisa: jike yuko tayari kiasi gani kuukubali mlio huu bila kuwa na mwingine wa kuulinganisha nao? Ukimpa mlio mfupi, wa kadiri na mrefu, kila mmoja kwa wakati wake, ukapima muda anaotumia, unapata mchoro unaoonyesha utayari wake unavyopanda na kushuka. Tofauti za jike mmoja mmoja huonekana vizuri hapa: mwingine mchoro wake ni mlima mkali, mwingine ni tambarare kwa sababu anakubali karibu kila kitu. Majike hao wawili wangeweza kutoa jibu moja kwenye spika mbili, nawe usijue kwamba mmoja anachagua sana na mwenzake anachagua kidogo tu.

Kumpima jike yuleyule zaidi ya mara moja

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito mkubwa, na sababu yake ni hesabu. Rudi kwa wale majike 20. Ikiwa kila mmoja kwa kweli ana uwezekano wa asilimia 80 wa kuufuata mlio mzito, basi ukimjaribu kila mmoja mara mbili utarajie asilimia 68 kurudia jibu lao: asilimia 64 mzito mara zote mbili, na asilimia 4 mwembamba mara zote mbili. Kwa majike 20 hao ni kama 13 au 14. Ikiwa badala yake kuna majike 16 wa mlio mzito daima na wanne wa mwembamba daima, wote 20 watarudia. Ukiwajaribu mara tano, pengo linakuwa wazi zaidi: katika hali ya kwanza ni kama theluthi moja tu watakaotoa jibu lilelile mara zote tano, na katika ya pili ni wote. Jaribio moja kwa kila jike linaweza kutoa 16 kwa 4 katika hali zote mbili. Ndiyo maana nasisitiza: bila kurudia, usitaje tofauti za jike mmoja mmoja.

Spika mbili na spika moja zote zinaruhusu kurudia katika usiku uleule. Mwaka 1995 Jennions, Backwell na Passmore walichapisha kazi juu ya chura wa matete wa Afrika, Hyperolius marmoratus, wakiuliza hasa hili, kama jike hurudia uchaguzi wake na ukubwa una nafasi gani. Murphy na Gerhardt nao mwaka 2000 walichora upendeleo wa jike mmoja mmoja kwa chura wa mitini wa Marekani, Hyla gratiosa. Ukitaka mifano ya jinsi ya kupanga marudio, anza na kazi hizo.

Bwawani kurudia ni kugumu. Jike hufika, hukumbatiwa, hutaga, hutoweka. Kwa aina zinazozaliana muda mrefu anaweza kurejea baada ya wiki kadhaa, nawe utamtambua ikiwa ulimpiga picha ya madoa yake au ulimwekea alama. Kwa miezi miwili ya mradi wa shahada ya kwanza, majike watakaorejea mbele ya macho yako watakuwa wachache. Mwenye misimu kadhaa mbele yake ana hadithi nyingine: marudio ya bwawani, yakipatikana, ni ya maisha halisi na hayana mfano.

Vifaa na muda

Bwawa linataka viatu vya mpira, tochi yenye mwanga mwekundu hafifu, mizani ndogo ya kidijitali, kipimajoto, daftari na subira. Fedha ni kidogo, usiku ni mwingi, na mvua ndiyo inayopanga ratiba. Masika ikichelewa, mradi unachelewa.

Spika mbili zinataka spika zinazofanana kabisa, kipima sauti, milio iliyorekodiwa vizuri au kutengenezwa kwa programu ya kompyuta, mahali patulivu penye giza, na ikiwezekana kamera inayoona gizani. Usitegemee spika ya simu kwa aina yenye mlio mzito, maana sauti za chini haizitoi vizuri. Kwa vyura wa matete, ambao mlio wao uko juu karibu na hezi 3000, spika ndogo nzuri inatosha.

Spika moja inapunguza kifaa kimoja na kuongeza saa za kazi, kwa kuwa kila jike anahitaji majaribio mengi na mapumziko kati yake.

Kinachoweza kukudanganya

Kwa spika mbili, adui wa kwanza ni ukubwa wa sauti. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti hupanda kwa karibu desibeli 6. Jike akiachiwa sentimita 80 kutoka spika moja na 120 kutoka nyingine, tayari umempa tofauti ya karibu desibeli 3.5 ambayo haimo kwenye mpango wako, naye anaweza kufuata sauti kubwa tu. Pima kwa kifaa pale anapoanzia, si kwa macho. Adui wa pili ni upande: wapo majike wanaopenda kwenda kushoto au kulia, hivyo badilisha milio kati ya spika baada ya kila jaribio. Adui wa tatu husahaulika sana. Ukitumia rekodi ya dume mmoja kuwakilisha milio yote mizito, umepima dume huyo na kasoro zake zote. Tumia rekodi za madume kadhaa, au tengeneza milio inayotofautiana kwa jambo moja tu.

Kwa spika moja, hatari ni kuchanganya upendeleo na mwendo. Jike mwenye kasi ataonekana anapenda kila kitu, na aliyechoka ataonekana hapendi chochote. Bush, Gerhardt na Schul, katika kazi yao ya mwaka 2002 juu ya vyura wa mitini, walipima mlio wa majaribio kwa kuulinganisha na muda ambao jike huyohuyo alitumia kuufikia mlio wa kawaida. Fanya hivyo: mlio wa kawaida mwanzoni, milio ya majaribio katikati, mlio wa kawaida tena mwishoni. Muda wa mwisho ukiwa umerefuka mno, hamu yake imekwisha na majaribio ya katikati usiyaamini sana.

Bwawani unadanganywa na mwanga wa tochi yako, na zaidi unadanganywa na usichokiona. Unamwona jike akiwa tayari na dume. Madume aliowapita njiani hukuwaona. Hesabu pia madume wanaolia bila kupata jike, pamoja na umbali wao kutoka pale jike alipoingilia, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Joto ni la njia zote. Kwa chura wa kijivu wa Marekani, Hyla versicolor, kasi ya midundo ya mlio hupanda joto linapopanda, na upendeleo wa jike hupanda nao, kama Gerhardt alivyoonyesha mwaka 1978. Mlio uliorekodiwa usiku wa joto ukichezwa usiku wa baridi unaweza kusikika kwa jike kama wa chura wa aina nyingine. Andika joto la kila jaribio, kama vile unavyoandika uzito wa jike, saa, na kama alikamatwa akiwa amekumbatiwa au peke yake.

Usalama wa vyura

Bwawa ndilo linalomgusa chura kidogo kuliko njia zote, mradi usikanyage mayai na usimulike muda mrefu. Njia za spika zinahitaji kumkamata. Shika kwa mikono iliyolowa maji, isiyo na mafuta wala dawa ya mbu, mtunze kwenye chombo chenye unyevu, mrudishe usiku uleule mahali ulipomtoa, na ikiwa alikuwa na dume, warudishe pamoja. Osha viatu na vyombo kwa dawa na uvikaushe kabla ya kwenda bwawa jingine, kwa sababu kuvu aina ya kitridi imeua vyura katika mabara kadhaa na husafiri kwa matope. Kuchezea milio nje nako kuna gharama: huko Panama popo mla vyura, Trachops, hufuata milio ileile inayowavutia majike, hata ikitoka kwenye spika.

Aina adimu ziache. Safu za milima ya Tao la Mashariki, Tanzania, zina vyura wa jenasi Nectophrynoides wanaozaa watoto kamili, baadhi yao wakiishi kwenye msitu mmoja tu. Mmoja wao, chura wa Kihansi, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na mwaka 2012 waliofugwa Marekani wakaanza kurudishwa. Hakuna mradi wa mwanafunzi unaostahili kuwasumbua. Vibali navyo ni vya lazima: utaratibu hupitia taasisi za sayansi na za wanyamapori za nchi husika, yaani Tanzania COSTECH na TAWIRI, Kenya NACOSTI na taasisi za wanyamapori, Uganda UNCST na UWA. Anza kuvifuatilia mapema kuliko unavyodhani.

Kwa hali yako

Kama swali lako ni nani anazaa bwawani kwenu, au kama umbali na idadi ya madume vinabana uchaguzi wa majike, kaa bwawani. Njia hii inamfaa pia mwenye fedha kidogo na misimu zaidi ya mmoja, na anayefanya kazi mahali ambapo kukamata vyura hakuruhusiwi.

Kama unataka kujua sifa moja ya mlio ina nguvu gani, mfano urefu au uzito wake, na una wiki chache za mvua, chagua spika mbili. Ukiwa na nafasi ya majaribio 60, majike 20 mara tatu watakuambia zaidi juu ya tofauti zao kuliko majike 60 mara moja. Lakini kama unataka wastani wa aina nzima tu, wale 60 ni bora, na hakuna aibu katika swali hilo.

Kama unachotafuta ni ukali wa jike katika kuchagua, kwamba huyu anakubali vingi na yule vichache, au unataka kuona uzito, afya au saa ya usiku inavyombadilisha, spika moja ndiyo yako. Jipange kwa majike wachache na usiku mrefu.

Kama uko kwenye kundi la wanafunzi wawili au watatu, gawaneni: mmoja akae bwawani akiandika jozi, wengine wapime majike wa bwawa hilohilo kwa spika. Tofauti kati ya daftari hizo mbili itawaonyesha ni kiasi gani cha upendeleo hufika hadi kwenye mayai.

Na kama wewe ni mwalimu wa sekondari mwenye bwawa karibu na shule, nenda na wanafunzi wachache pamoja na mtu mzima mwingine, mkae ukingoni bila kumshika chura yeyote. Chagueni madume watano wanaolia kwenye matete, muandike kila mmoja yuko wapi na analia mara ngapi kwa dakika, kisha rudini usiku unaofuata mtazame kama wako palepale. Kwa darasa hilo mtakuwa na ramani ya madume ambayo jike anaikuta akishuka majini.